62 toa 38

Faili lilikuwa la bluu, na lebo yake niliiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito: JUMUIYA YA KUJIFUNZA, yaani vikao vyetu walimu vya kujifunza pamoja. Mgeni kutoka halmashauri alilifunua taratibu, karatasi moja baada ya nyingine. Tarehe zipo. Mahudhurio yapo na saini zimejaa. Mada zipo. Maazimio yapo, tena kwa namba. Picha nazo zipo, tumekaa duara na mmoja wetu kasimama kashika chaki.

Akalifunga, akaweka kiganja juu yake, akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Shule nyingine zije kujifunza hapa. Hii ndiyo Jumuiya ya Kujifunza iliyo hai."

Walimu wakapiga makofi. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo wengine walipiga makofi huku wakinitazama.

Niliinamisha kichwa. Nadhani walifikiri ni unyenyekevu.

Kumbukumbu za vikao vitatu kati ya vile alivyovisoma niliziandika usiku mmoja, nyumbani, nikibadilisha kalamu ili zisifanane. Vikao vyenyewe vilikuwepo, sikuvitunga. Tulikaa na tulisaini. Ila nilipojaribu kukumbuka ni nini hasa kilisemwa, sikukumbuka hata neno, nikaandika kile ambacho huwa kinaandikwa: "Wajumbe walijadili kwa kina na kukubaliana kutumia mbinu shirikishi."

Sentensi hiyo imenisumbua kwa wiki nyingi. Ilinijia nikisahihisha, ilinijia nikiwa zamu getini asubuhi. Mwisho nikajiuliza swali lililonitia hofu: tangu tuanze kukaa, kuna kitu gani, hata kimoja, ninachokifanya leo darasani ambacho nilikipata kwa mwenzangu katika kikao?

Sikukipata.

Tulivyokuwa tukikaa

Mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi, huhitaji nikueleze MEWAKA, yale Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ni nini wala Jumuiya za Kujifunza zilikujaje. Moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) umezisoma, au angalau umezipakua. Nitaeleza tu kikao chetu kilivyokuwa, uone kama unakitambua.

Alhamisi, saa nane na nusu mchana, ofisi ya walimu. Tuko 14. Mmoja anasoma moduli kutoka kwenye simu, kwa sauti. Wawili wanasahihisha madaftari mapajani. Mmoja anatazama dirishani kuangalia kama gari la kwenda mjini limepita, kwa sababu likipita hilo atalala njiani. Ikifika mahali palipoandikwa "jadilianeni", msomaji anainua macho, anauliza, "Kuna la kuongeza?" Kimya. Anaendelea. Saa tisa na robo mtu anasema kwa upole, "Mwalimu, tusaini tuondoke."

Hakuna aliyekuwa mvivu. Nataka hili lieleweke vizuri, maana maneno ya kuwasema walimu ni mepesi na yamekuwa mengi. Yule anayetazama dirishani ndiye aliyefika shuleni kabla ya sisi wote. Aliyekuwa akisahihisha ana darasa la watoto zaidi ya 90, wakati kiwango tunachokariri tangu chuoni ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamekuja, na ni jambo la kushukuru kwamba wamekuja, lakini madaftari yao yote yanasahihishwa na mkono uleule mmoja.

Uchovu ulikuwepo. Lakini nikitafakari sasa, naona kilichotunyamazisha zaidi kilikuwa kitu kingine.

Katika ofisi yetu neno "sijui" halikuwa na kiti. Kuna wenye cheti, wenye stashahada, na vijana wawili wa ajira mpya wenye shahada. Mwenye cheti wa miaka 20 hawezi kumwambia kijana wa shahada kwamba mada ya sehemu humpa shida. Kijana wa shahada naye hawezi kumwambia mwenye cheti kwamba darasa la pili linamshinda, kwamba hajui hata aanzie wapi kuwanyamazisha. Kila mmoja analinda kitu. Watu 14 wakikaa duara huku kila mtu analinda kitu, kitakachosemwa ni mbinu shirikishi tu.

Daftari

Tuna mwalimu mmoja ambaye wote tunamwita Mama. Amefundisha miaka 37 na anastaafu mwakani. Vikaoni alikuwa akikaa kwenye kona, anasikiliza, anasaini, anakwenda.

Alhamisi moja, wiki ya tano hivi baada ya yule mgeni, msomaji wa moduli alipouliza "Kuna la kuongeza?", Mama akasema, "Mimi nina la kuuliza."

Akatoa daftari kwenye kikapu chake. Daftari la mtoto wa darasa la tatu, limejikunja pembe, jalada limefungwa kwa gazeti. Akalifungua, akalisukuma katikati ya meza.

"Hili nimeliwekea kosa jana. Naomba mnisaidie kulisoma."

Hesabu ilikuwa 62 toa 38. Jibu la mtoto: 34.

Tukalitazama kwa sekunde tatu, pengine nne. Mwalimu wa darasa la nne akasema kile ambacho sisi wote tulikuwa tumeshakisema kimoyomoyo: "Amesahau kupunguza kwenye makumi, Mama. Kachukua kumi, kapata 12, katoa 8, kabaki na 4. Halafu badala ya 5 toa 3 kafanya 6 toa 3. Wapo wengi hao."

"Na mimi nilisema hivyo," Mama akajibu. "Sasa tazameni tena hapa juu ya sita."

Tukainama. Juu ya 6 palikuwa na mkwaruzo. Sita imekatwa, tano imeandikwa. Halafu tano nayo imekatwa, na sita imerudi.

"Huyu hajasahau," Mama akasema. "Alipunguza vizuri kabisa. Kisha kuna kitu kingine alikifanya. Nikamwita nikamuuliza, mwanangu, mbona umeifuta tano yako? Akaniambia, 'Mwalimu, si tulikopa? Nimerudisha.'"

Hakuna aliyesema kitu.

Mama yake mtoto yule ana genge karibu na kisima. Kila mmoja wetu amenunua nyanya pale, na wengine tumo kwenye daftari lake la madeni. Mtoto amelelewa akijua kwamba kilichokopwa hurudishwa, tena kabla jua halijazama. Tulimwambia akope kumi. Alikopa, akaitumia, akairudisha. Alikuwa mwaminifu kuliko hesabu yetu.

"Miaka 37," Mama akasema, polepole, kama anayehesabu, "nimeona 34 hii sijui mara ngapi. Kila mara nimeandika 'umesahau'. Sijawahi kuuliza. Ni wangapi ambao hawakuwa wamesahau?"

Mimi katibu nilikuwa nimeshika kalamu, na sikuandika.

Kukopa, kuchukua, kuazima

Kilichofuata hakikupangwa na mtu yeyote. Mwalimu wa darasa la pili akasema, kwa sauti ya chini, "Neno hilo ni langu. Mimi ndiye ninayewaambia tunakopa."

Wa darasa la tatu akasema yeye husema tunachukua. Wa darasa la nne, tunaazima kwa jirani.

Shule moja, korido moja, madarasa yanayotenganishwa na ukuta usiofika kwenye paa. Kila Januari mtoto anahama chumba na kukuta jambo lilelile limebadilishiwa jina, wala hakuna anayemwambia kwamba ni lilelile. Tumekaa pamoja miaka. Tunakunywa chai moja, tunazikana, tunachangiana harusi. Hatukujua.

Tulibishana hadi saa kumi. Gari la mjini lilipita na yule anayelitazama hakunyanyuka. (Alilala kwa Mama usiku ule, na wanasema waliendelea kubishana huko.) Mmoja alitetea "kuchukua": mtoto hachanganyikiwi na deni. Mwingine akapinga, kuchukua bila kurudisha ni wizi, na watoto nao wataliona hilo. Mama akasema shida si neno, shida ni kwamba maneno yote matatu yanamfanya mtoto aone kumi inasafiri kwenda kwa mtu mwingine, wakati haijaenda popote. 62 ni 62. Tumeifungua tu.

Alhamisi iliyofuata akaja na mabua ya uwele, yamekatwa urefu wa kidole, kumi kumi, kila bunda limefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Akaweka mezani mabunda sita na vijiti viwili. "Nipeni vijiti 8." Haiwezekani. Akavuta utepe wa bunda moja, vijiti vikamwagika. "Nimekopa kwa nani hapa?"

Tukakubaliana kusema "tunafungua kumi", kuanzia darasa la pili hadi la nne. Bado sijui kama ni neno bora. Wakati mwingine nalisikia likiwa zito mdomoni mwa watoto. Lakini ni letu, tunalitumia wote, na tunajua kwa nini. Na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu la lile swali langu.

Tulipomwumiza mwenzetu

Baada ya hapo tulipata ari, na ari hiyo ikatuharibia. Tukasema sasa twende darasani, tukaonane tukifundisha. Kijana mmoja wa ajira mpya akajitolea. Ninaona aibu kukumbuka alivyokuwa amefurahi.

Tukaingia watano, tukakaa nyuma kwenye madawati, tukatoa karatasi. Alifundisha kutoa. Sisi tukaandika. Kipindi kilipokwisha tukamkalisha ofisini, kila mtu kwa zamu yake.

Sauti ilikuwa ndogo. Ubao hukuugawa. Umahiri mahususi hukuutaja mwanzoni. Ulimgeuzia darasa mgongo. Muda hukuutunza.

Alikuwa akiitikia kwa kichwa. "Nashukuru, nimepokea. Nashukuru, nimepokea." Wiki iliyofuata hakuja kwenye kikao; alisema ana mgonjwa. Nilipotangaza tunahitaji mwingine wa kutazamwa, kila mtu alikuta kitu cha kutafuta kwenye droo yake.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na karatasi yangu ya maoni. Nilikuwa nimeandika mambo 11. Nikayasoma yote, na hakuna hata moja lililomtaja mtoto. Nilikaa dakika 40 katika chumba chenye watoto zaidi ya 90 wakihangaika na 62 toa 38, na sikuwa na habari hata ya mmoja wao.

Nikaanza kutafuta jinsi wengine wanavyofanya. Majirani zetu Kenya walianza mradi wa SMASSE mwaka 1998 kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, kwa msaada wa Japani, na Zambia tangu 2005 wamekuwa wakitumia utaratibu ambao Wajapani wenyewe huuita jugyou kenkyuu, utafiti wa somo, ambao kwao mizizi yake iko mwishoni mwa karne ya 19. Nilisoma hatua zake: walimu huandaa somo moja pamoja, mmoja hulifundisha, wengine hutazama, kisha hukaa kulijadili na kulirekebisha. Kwa juu juu ndicho tulichofanya sisi.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo nilirudi kuyasoma mara ya pili. Wanaotazama hutazama wanafunzi. Na somo ni la wote walioliandaa, hivyo aliyesimama mbele amelibeba kwa niaba ya kundi. Likianguka, limeanguka la kundi.

Sisi tulimwacha kijana aandae peke yake, asimame peke yake, kisha tukaja watano kuhesabu vumbi kwenye viatu vyake.

Nilimfuata nyumbani Jumamosi. Sikwenda na hotuba. Nilimwambia, "Ndugu yangu, tulikukosea, na mimi ndiye niliyeandika mengi zaidi." Alinyamaza sana. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: "Mwalimu, wewe ulikaa nyuma karibu na yule binti wa skafu ya kijani. Alipata?"

Sikuweza kumjibu.

Mara ya pili

Safari hii tuliandaa wote, vikao viwili. Tulitumia karibu kikao kizima kuchagua namba. Mtu asiye mwalimu anaweza kushangaa, lakini hapo ndipo nilipojifunza kuliko popote. Ukimpa mtoto 62 toa 38 na akakuletea 36, unajua ametoa ndogo kwenye kubwa kila safu, bila kujali ipi iko juu. Akileta 34, unajua ama hakupunguza makumi ama amerudisha, na lazima umuulize ni ipi. Namba ikichaguliwa vizuri, kosa linazungumza. Ukimpa 55 toa 25 utapata vema nyingi na hutajua lolote.

Tukagawana watoto. Kila mtazamaji watatu, anakaa ubavuni mwao, haongei, hasaidii, anaandika mtoto anafanya nini na mikono yake. Kijana yule yule akakubali kufundisha. Nilimwomba mara mbili kama ana hakika.

Mimi nilimchagua binti wa skafu ya kijani.

Alipata 24. Sahihi. Ningekuwa mbele ningemwandikia "vizuri sana" na kupita, kama nilivyomwandikia mwaka mzima alipokuwa kwangu. Nikiwa ubavuni nikaona alivyoipata: alichora vistari 62 pembeni ya daftari, akavikata 38, kimoja kimoja, akahesabu vilivyobaki kwa ncha ya kalamu. Mabunda yalikuwa mbele yake na hakuyagusa. Makumi kwake hayapo kabisa. Akifika darasa la tano akutane na 602 toa 387, vistari vitamwisha, na mwalimu wake atasema mtoto huyu alikuwa mzuri zamani, sijui kimempata nini.

Nimekuwa nikiwatafuta wanaokosa. Sikuwa nimefikiria kuwatafuta wanaopata.

Tulipokaa baadaye, aliyefundisha ndiye aliyeanza kusema, kama tulivyokubaliana. "Dakika ya kumi niliona mabunda hayatoshi, nikachanganyikiwa, nikaruka hatua." Kabla sijafungua mdomo, mwalimu wa darasa la pili akasema, "Mabunda niliyahesabu mimi. Nilisahau dawati la nyuma lina watoto watano." Na wa darasa la nne akasema, "Hatua uliyoiruka sote tuliiandika ndefu mno."

Nilimtazama kijana. Mabega yake yalikuwa yameshuka, yale mabega ambayo mara ya kwanza yalikuwa karibu na masikio.

"Hii itaingia PEPMIS?"

Swali hili liliulizwa mbele ya Mwalimu Mkuu, na aliyeliuliza alistahili heshima kwa ujasiri. Mwalimu akisema kikaoni kwamba darasa lake halijui kutoa, je, miezi michache baadaye atalikuta neno hilo kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa tathmini ya utendaji kazi wa watumishi wa umma?

Ofisi nzima ilisubiri.

Mwalimu Mkuu hakujibu haraka. Alisema kukagua ni kazi yake na ataendelea kukagua, hawezi kutudanganya. Kisha akasema, "Siku ya kukagua nitakuja na fomu na nitasema nimekuja kukagua. Siku ya kikao nitakuja na madaftari ya darasa langu kama nyinyi." Anafundisha darasa la sita. Wiki mbili baadaye alikuja nayo kweli, madaftari manne, na hayakuwa mazuri. Kama hangekuja nayo, nadhani yote haya yangeishia pale.

Faili sasa tunaliandika hivi: swali letu, watoto walifanya nini, tumebadilisha nini. Jina la mwalimu haliandikwi. Mgeni akitaka kujua ni darasa la nani, atuulize, tutaamua pamoja kama tunamwambia.

Wasiwasi wangu hapa haujaisha. Yupo mwenzetu mmoja ambaye anakuja kwenye kila kikao, anasikiliza vizuri, anachangia, na darasani hakibadiliki kitu. Utaratibu wetu wa kutotaja majina unamkinga yeye pia. Watoto wake hawana wa kuwasemea humo. Nimejadiliana na Mama mara nyingi juu ya hili. Yeye husema mficha uchi hazai, na kwamba watu hufunua wanapokuwa tayari, hatuwezi kumvua mtu nguo tukaita ni tiba. Mimi humwambia mtoto wa darasa la tatu anakuwa darasa la tatu mara moja tu. Hatujakubaliana.

Muda, na watu wanne

Hili nitalisema kwa kifupi. Kikao cha watu 14 saa nane na nusu mchana kilikuwa kimekufa na tulikuwa tukikifanyia matanga kila Alhamisi. Tukagawanyika. Sasa tuko wanne wanne au watano, na hatukugawana kwa somo wala kwa cheo, tuligawana kwa tatizo: wanaohangaika na kutoa na makumi huku, wanaohangaika na watoto wasiosoma kule, na wale wa madarasa ya juu peke yao. Tunakaa Jumanne baada ya chai ya saa nne, dakika 40, wakati wenzetu wa kundi jingine wamewachukua watoto wetu kwa michezo na bustani. Alhamisi wao wanakaa na sisi tunawashikia watoto.

Mkiwa 14 mtu anaweza kujificha. Mkiwa wanne, ukinyamaza unasikika.

Na moduli? Bado tunazisoma, na nakiri sasa nazielewa zaidi, kwa sababu ninazifungua nikiwa na swali. Zamani nilizifungua nikiwa na tarehe.

Mama akiondoka

Mikoa kama wetu, Dodoma, imeshaona haya. EQUIP-T, mradi wa kuinua ubora wa elimu, ilikuwa hapa kati ya 2014 na 2020, na wakati ule pia walimu wa shule hii walikaa pamoja kila mara wakijifunza kufundisha KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mama anasema baadhi ya vikao vile vilikuwa vizuri sana. Mradi ulipoisha, vikapungua, kisha vikawa vya kusaini. Kabla ya hapo kulikuwa na kituo cha walimu, mwendo wa saa moja kwa miguu, ambako katika ujana wake walikuwa wakienda kutengeneza zana kwa vifuniko vya soda na maboksi. Jengo bado lipo.

Kwa hiyo ninapoona mambo yanakwenda, najiuliza kinachoyashikilia ni nini. Je, ni utaratibu, au ni Mama? Angekuwa kijana wa shahada ndiye aliyelisukuma lile daftari mezani na kusema "nisaidieni kulisoma", tungelisoma? Nadhani tungemsaidia kwa kumfundisha. Ilikuwa ni lazima aanze mtu ambaye hakuna anayeweza kumdharau, mtu ambaye "sijui" yake ingetupa ruhusa na sisi. Hilo huwezi kuliweka kwenye mwongozo. Na mtaala ulioboreshwa, ulioanza Januari 2024 na darasa la kwanza na la tatu, unazidi kupanda madarasa mwaka hadi mwaka. Kila Januari kuna mwalimu ambaye atakuwa mgeni katika somo alilolizoea. Tutahitaji "sijui" nyingi.

Wiki iliyopita Mama alikuja na katoni ya mafuta ya kupikia imejaa mabunda. Akamkabidhi yule kijana, si mimi. Kijana akayahesabu palepale mbele yetu, dawati kwa dawati, na la nyuma akalihesabia watano.

Jumanne hii Mama alikuwa kliniki, hakuwepo. Nilidhani tungeahirisha. Nilipoingia ofisini wenzangu watatu walikuwa wameshaanza, vichwa vimegusana juu ya daftari, wala hawakuniangalia. Kumbukumbu za siku hiyo niliziandika palepale, kwa kalamu moja:

"Tulikuwa wanne. Swali: kwa nini 50 toa 27 inawashinda hata watoto wanaoweza 62 toa 38? Wanne wameandika 37, mmoja kaandika 30. Aliyeandika 30 kasema kwenye sifuri hakuna kitu cha kutoa. Tumebishana kama anahitaji mabunda au anahitaji kuulizwa zaidi. Hatukupata jibu. Darasa la pili ataleta madaftari sita Jumanne ijayo. Mwalimu wa darasa la tatu atampitia Mama nyumbani jioni kumuuliza."